Udi Niliomtolea Bi Heleni

Asya mwanangu,

Mambo ya nguo za baridi na dawa yako ya pumu nimeshakwambia mpaka umechoka, na baba yako kakuandikia karatasi nzima ya habari za pasi na tiketi. Mie sitoyarejea. Nimekaa jikoni na kalamu yako ya skuli, nna jambo moja ambalo mdomo umenishinda kulisema wiki zote hizi tulizokuwa tukifunga mabegi. Mkono wangu si wa kuandika, wajua. Niliachishwa skuli darasa la saba nikaozwa. Ukikuta pamekosewa, pita tu, usisimame na kalamu nyekundu.

Kesho unakwenda Marekani kukaa kwa Bi Heleni. Na mie Bi Heleni nilimfukuza nyumbani kwangu.

Wewe hulijui hilo. Unajua nilivyokwambia mie, kuwa yeye ndiye aliyeacha kuja. Nilikwambia hapo mlangoni, unavua viatu vya skuli, umeniuliza mbona Bi Heleni hashuki siku hizi, nikakujibu: "Wamarekani ndivyo walivyo, wakimaliza haja yao hawakujui." Ulikuwa na miaka kumi na tano. Ukaenda chumbani kwako ukafunga mlango polepole. Ningependa ungeubamiza.

Ngoja nianze mwanzo.

Ulikuwa na miaka kumi alipohamia ghorofa ya juu yetu, kaja Muscat kufundisha. Siku ya pili yake maji yakakatika jengo zima, unajua majengo ya mtaa wetu huu wa Darsait. Nikasikia hodi isiyokuwa ya mtu wa kwetu, nikafungua, nikamkuta mwanamke wa kizungu kasimama na ndoo tupu, kajifunga taulo, kichwa kizima kimejaa povu la sabuni na jengine linamwingia machoni. Nilicheka kabla sijamwamkia. Na yeye akacheka. Nikamwinamisha pale pale juu ya karo la jikoni nikamsuuza kwa kopo, mtu nisiyemjua hata jina.

Alipomaliza kujikausha akaniuliza, "Jina lako nani?"

Utasema jambo dogo hilo. Mie nilikuja mji huu nna miaka kumi na saba, natoka Unguja na sanduku moja. Bibi yako mzaa baba, Mungu amrehemu, na yeye mzaliwa wa Unguja, lakini alinitangulia kuja kwa miaka mingi, basi yeye akawa mwenyeji na mie nikawa wa juzi. Kiarabu changu kilichekwa mbele yangu. Nikipika, alikuwa akionja kwa ncha ya kijiko kama mtu anayeonja dawa. Wanawake wa mtaani wakinikuta ngazini huniuliza, "Asli yako wapi khasa?" hata nikajifunza kujibu kabla sijaulizwa. Waliobisha mlango wangu miaka kumi na moja walikuja kwa baba yako, au kwa bibi yako, halafu ulipokuwa mkubwa wakaja kwako. Yule mwenye povu kichwani ndiye wa mwanzo aliyekuja akataka kujua mie nani.

Nikamtilia kahawa. Hiyo siku unaikumbuka, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukihesabu. Akinywa, namtilia. Akinywa, namtilia. Masikini, macho yamemtoka, na yeye kwa adabu zake za kwao anaona haya kurudisha kikombe kina kitu ndani. Kilipofika cha tisa ukashindwa kuvumilia, ukamwambia kwa Kiingereza chako cha darasa la nne, "Tikisa kikombe, Bi Heleni! Usipotikisa, mama atakujaza mpaka asubuhi!" Tulivyocheka siku ile, mpaka baba yako akatoka chumbani kuuliza kuna harusi ya nani.

Basi tukamfundisha, mie na wewe. Asile kwa mkono wa kushoto. Asimnyooshee mtu nyayo. Kikombe akitikise. Kitu kimoja sikumfundisha, nacho ni udi. Wewe umezaliwa humu, unajua bila kufundishwa: chetezo cha makaa na udi kikishazunguka na marashi yakishanyunyizwa, kila mgeni anatafuta viatu vyake. Watu wa huku wanasema baada ya udi hakuna kukaa. Lakini yeye sikumwambia, wala sikuwahi kumtolea. Alikuwa akiondoka anapotaka mwenyewe. Sikuwa na haja ya kumtolea udi mtu nisiyetaka aondoke.

Unakumbuka akitusimulia nchi alizofika? Ukimletea atlasi yako, na yeye kakaa chini juu ya zulia, miguu kaikunja vibaya, anaonyesha kwa kidole. Kuna nchi moja ya Ulaya, mtumishi wa mkahawa alipoisikia lafudhi yake akajifanya hamuoni, wakaja watu watatu nyuma yake wakahudumiwa wote. Kwengine dereva wa teksi alimuuliza wewe wa wapi, akasema Marekani, dereva akasimamisha gari akamteremshia mizigo njiani. Uturuki, mwenye duka la mazulia alimtajia dhambi za serikali yake moja baada ya moja, alipomaliza akamtilia chai nyengine. "Huyo nilimpenda," alitwambia. "Kanisema usoni na gilasi yangu haikukauka." Na yule mwanamke mzee wa Vietnam, aliyepoteza wanawe wawili kwa mabomu ya kwao Bi Heleni. Alimmenyea chungwa, akampa kipande kimoja kimoja mkononi. Bi Heleni alituambia pale ndipo alipolia. Kutukanwa alishazoea.

Ndiyo maana begi lake la mgongoni lilikuwa na bendera ya Kanada. Alituambia wenzake wengi wanafanya hivyo wakisafiri, wanajisemea Wakanada ili wapate kukaribishwa. Wewe ukasema, "Kumbe unasema uongo!" Nikakukaripia, na yeye akacheka akasema, "Kweli, Asya. Nchi saba nimekuwa Mkanada." Halafu akaniomba mkasi. Akaifumua hapa hapa kwangu, uzi mmoja mmoja, akasema kwa Muscat hana haja nayo, hapa watu wanamkaribisha na jina lake na nchi yake.

Mwanangu, siku ile nilijiona nimekuwa mkubwa. Mie niliyekuwa nikiulizwa asli yangu ngazini, kaja mtu kutoka mwisho wa dunia, na anaposema Oman anamaanisha ukumbi wangu.

Miaka mitano alikaa na sisi hivyo. Ndipo vikaja vita vya Iraq.

Siku yenyewe ulikuwa kwenye masomo ya jioni. Bibi yako, wakati huo keshahamia Ansab kwa shangazi yako Zamzam, alikuja naye baada ya alasiri, na televisheni ilikuwa wazi, Baghdad inawaka. Shangazi yako usimchukie ukimaliza kusoma hapa. Mwanawe, wewe unajua, alikuwa katoka kusoma huko huko Marekani, na uwanja wa ndege wa kwao walimweka chumbani mchana kutwa anaulizwa jina lake na la babu yake, kavuliwa mpaka soksi. Alirudi kanyamaza, na kimya chake mama yake alikuwa nacho kifuani mwaka mzima.

Bi Heleni akabisha hodi. Akaingia, macho mekundu. Kumbe alikuwa juu peke yake anayatazama yale yale. Akakaa mahali pake karibu na dirisha, akasema kwa Kiingereza, taratibu, "Salama, naona haya. Siwezi kukaa peke yangu leo."

Bibi yako hakufahamu Kiingereza, na Bi Heleni Kiswahili chake kilikuwa cha asante na kidogo kidogo. Basi bibi yako na Zamzam wakawa wanamsema kwa Kiswahili juu ya kichwa chake.

"Salama," kasema bibi yako, "huyu mgeni wako hana kwao leo?"

"Kwao si ndiko kunakorusha mabomu hayo?" kasema Zamzam, kanyoosha kidevu kwenye televisheni. "Kaja kuangalia kama yanatupata vizuri."

"Mwanamke mzima kukaa nyumba za watu mpaka magharibi."

"Wa kulaumiwa ni mwenye nyumba, mama. Wengine wakipata mzungu wa kuwapigia hodi wanajiona wamefika."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniinua. Mwanangu, sitokudanganya kuwa niliinuka kwa ajili ya wale watoto wa Baghdad. Hao niliwalilia, Mungu anajua, lakini niliinuka kwa sababu nilisemwa. Baada ya miaka yote ile nilitaka bibi yako aone kuwa mie ni wa kwao. Nikaenda jikoni kutia moto chetezo.

Makaa hayashiki mara moja. Nataka ulijue hilo khasa. Nilikaa pale napuliza, jivu linanirukia, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kubadilisha shauri. Ningeweza kurudi na maji ya kunywa. Nilipuliza mpaka yakawa mekundu.

Bi Heleni alikuwa hajamaliza kikombe cha mwanzo cha kahawa. Nikaweka chetezo mbele yake yeye kabla ya wote, nikatia kijiti cha udi, ule mzuri wa harusi yangu. Zamzam akaziba mdomo kwa ushungi.

Bi Heleni akautazama ule moshi. Akanitazama mie. Machozi yakamtoka tena, akasema, "Miaka mitano, Salama. Harusini nimeuona, kwa wakubwa nimeuona. Nilikuwa nikijiuliza siku gani mtanitolea na mie."

Akafungua mtandio wake akaupitisha moshi ndani ya nywele, vizuri, kama alivyoona wanawake wakifanya. Na akakaa.

Ningesema pale pale. Sikusema. Zamzam akainuka, akavaa abaya yake kwa mbwembwe, akasema kwa sauti ya juu, "Haya, sie tunakwenda zetu, udi umeshatoka!" akampa mkono Bi Heleni, akazungukia jikoni kujificha, ili mgeni aone wenzake wanaondoka na yeye aondoke. Bi Heleni akamuaga kwa adabu zote. Akakaa.

"Huyu hata umgeuzie ufagio hatoki," kasema bibi yako.

Nikamwambia, "Bi Heleni, nna kazi ya kupika."

"Nitakusaidia," akasema, akainuka kwa furaha akatangulia jikoni. Akamkuta shangazi yako kasimama na abaya yake kamili, kidole chenye halua ki mdomoni.

Masikini mtoto wa watu yule, nakwambia hata pale hakushuku! Alicheka, alidhani Zamzam karudi kwa uroho wa halua. Akamkumbatia. Na mie nikaona kuwa mtu huyu hatotoka mpaka nimtoe kwa uongo, nikamwambia baba yako anakuja na wageni wanaume. Hapo akaharakisha, anaomba radhi, kiatu kimoja kakivalia ngazini. Akageuka kuniambia, "Asante kwa udi. Sitosahau."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bibi yako akala chakula changu siku ile, akaongeza. Alisema mchuzi umekaa vizuri. Miaka kumi na sita nilikuwa nikilingoja neno hilo, na nililipata, na halikuwa na ladha yoyote.

Baada ya siku ile sikuweza kumtazama. Akibisha, nilikuwa nalala. Akinikuta ngazini, nna haraka. Mkataba wake wa kufundisha ulipokwisha akaja kuaga, nikakutuma wewe na mfuko wa halua, nikasema kichwa kinaniuma. Uongo wa mwanzo ulikuwa kwake, wa pili kwako, na wa tatu nikautia kwenye mfuko ukampelekea wewe kwa mikono yako.

Na yeye hakuacha kukuandikia. Wewe ukampenda, ukasoma, ukapata chuo mjini kwao, na yeye ndiye aliyesema chumba kipo. Mwezi uliopita ukatusomea barua yake baada ya chakula. Unakumbuka ulivyosoma? Kasema katika nchi zote alizofika, makaribisho makubwa kuliko yote yalikuwa Darsait, siku ya vita, siku ambayo yeye mwenyewe asingejikaribisha, mama yake Asya alipomtolea udi. Kasema huwasimulia watu wa kwao wanaoogopa kusafiri. Baba yako akanitazama kwa fahari. Mie nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Sasa sikiliza. Huko unakokwenda wewe ndiye utakayekuwa na pasi ya kutazamwa. Watakuweka pembeni, pengine kama mtoto wa shangazi yako. Wapo watakaojifanya hawakuoni. Watakuja wengine na tabasamu la ncha ya kijiko, na hilo mie nalijua linavyokwangua. Utatamani siku nyengine kuwa wa kwengine, usionekane, upite. Sikulaumu ukifanya. Nnachokuomba ni hiki tu: wakikutenda hayo, usije ukasema Wamarekani ndivyo walivyo. Neno hilo nimelitumia mie, na nimeshakwambia nililitumia kufunikia nini.

Nilikusudia barua iishie hapa. Nilikusudia uisome ndani ya ndege, ufike, ukae wiki mbili tatu, akuzoee, halafu nimwambie Bi Heleni kwa simu. Nilipokwisha kuandika hivyo nikajisoma. Nikaona nafanya yale yale: kwanza nimhakikishie mwanangu chumba, halafu ndiyo ukweli. Na wewe uko mezani kwake, anausimulia ule udi mbele ya wageni, na wewe unajua, unatafuna.

Basi nikashuka duka la chini kabla halijafunga nikanunua kadi ya simu. Kwao ilikuwa mchana.

"Salama!" kasema, sauti imejaa. "Asya mzima? Ndege imebadilika?"

"Asya mzima. Nna neno."

Kiingereza changu unakijua, cha ngazini. Nilimwambia ule udi ulikuwa wa kumtoa. Nikadhani hakunifahamu nikarudia, nikaeleza desturi, nikaeleza na habari za bibi yako na Zamzam.

"Nimefahamu mara ya kwanza," akasema.

Kwa nyuma nikasikia redio yake, akaizima.

"Na yule wifi yako jikoni?"

"Alikuwa kajificha."

Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Nilimkumbatia," akasema. Kisha: "Kila mtu nimemsimulia siku ile, Salama. Watu waliokuwa wakiwachukia nyie wote, nimewasimulia wakanyamaza. Sasa nikawaambie nini?"

Nikamuuliza lile nililokuwa nikiliogopa. "Unataka Asya asije?"

Hapo alikasirika. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akikasirika. "Mie si wewe," akasema. "Chumba nimeshakitandika. Mtoto atakuja, na nitamngojea uwanjani mwenyewe, na wakimweka ndani saa sita nitakaa saa sita."

Nilishukuru. Halafu sijui nini kilinisukuma, nikauliza, "Na mie?"

Nikasikia anavuta kiti, akakaa.

"Wewe sijui," akasema. "Bado sijui." Akakata.

Basi nenda, mwanangu. Unangojewa, na ukweli umeshakutangulia kufika, huna la kumficha mtu. Baba yako nitamwambia asubuhi, tukisharudi kutoka uwanja wa ndege. Kwa Bi Heleni usiniombee radhi, hiyo ni yangu kuomba. Akikuuliza habari zangu, mwambie zilivyo. Asipouliza, usinitaje.

Mama yako,
Salama